Kumpunguza Bibi Kizee

Upepo wa mji wa Hsinchu ulikuwa umeanza, ule wa mwezi wa tisa unaopiga madirisha mpaka watu wakaacha kuusikia, siku Ku Lan-fen alipoambiwa ampunguze Bibi Kizee.

Bibi Kizee hakuwa mtu. Alikuwa modeli ya kompyuta, kiwanda kizima kilichoigizwa ndani ya mashine. Kiwanda chenyewe kilitengeneza chipu, zile zinazokaa ndani ya simu na magari, na humo hapakuwa na watu wa kubeba mizigo. Visahani vya silikoni vilisafiri katika masanduku yaliyofungwa, na masanduku yalichukuliwa na vigari visivyo na dereva, vilivyoning'inia kwenye reli chini ya dari, mamia kwa mamia, vikikimbia, vikingojana njia panda, vikishusha sanduku kwenye mashine kama mtu anayeshusha ndoo kisimani. Kabla wakubwa hawajaongeza kigari au kununua mashine mpya, walitaka kujua kwanza mambo yatakwendaje. Hapo ndipo Bibi Kizee alipoulizwa. Kila kigari kilikuwamo ndani yake, na kila kona, na kila breki. Kwa hiyo alisema kweli, ila alisema polepole. Ukimuuliza Jumatatu asubuhi, alikujibu Jumanne, nawe umeshasahau uliuliza nini. Ndiyo maana A-Hung, mcheshi wa chumba cha kuongozea vigari, akambandika jina hilo, na jina likaganda.

Waliomlea Bibi Kizee walikuwa wawili, Lan-fen na mwalimu wake, Chiu Tung-lai. Chiu alikuwa mtu mfupi mwenye sauti kubwa, aliyempokea Lan-fen kazini akiwa binti ametoka chuo juzi. Walivaa pamoja zile nguo nyeupe za kuzuia vumbi, zinazoacha macho tu, wakasimama chini ya reli shingo zimepinda, wakitazama vigari vinavyokata kona. Halafu walirudi mezani na kuyatia yote waliyoyaona ndani ya modeli. Mchana walikula meza moja kantini, tambi pana za mchele na supu, wakibishana kama kigari kinachotoka kushoto kina haki kuliko cha kulia. Watu waliwazoea hivyo. Ukimtafuta mmoja, ulimtafuta mwenzake.

Kisha kiharusi kilimpiga Chiu katika chumba cha kubadilishia nguo, mguu mmoja ukiwa ndani ya vazi jeupe na mwingine nje. Alipona, lakini mkono wa kulia ulikufa na maneno yakamkimbia. Meza yake ilibaki mbele ya Lan-fen. Mwanzoni watu waliiheshimu. Baadaye mmoja aliegesha mwavuli, mwingine akaweka boksi la karatasi, na mwishowe ikawa mahali pa kutupia vitu visivyo na mwenyewe.

Mkuu mpya wa idara, Tu, alikuwa mdogo kwa Lan-fen, kijana mwepesi wa miguu na maneno. Alimwita ofisini.

"Dada Fen, keti. Umeshakula?"

"Nimekula, Bosi."

"Basi ngoja nikuharibie chakula." Akacheka mwenyewe. "Nataka umpunguze Bibi Kizee."

"Nimpunguze nini?"

"Unene. Kamati inakaa, mtu anauliza, je, tukiongeza mashine mbili? Nami nasema, nitawajibu kesho kutwa. Kesho kutwa wameshaamua kwa kubahatisha. Nataka modeli ijibu kabla chai haijapoa."

"Kwa hiyo nitoe nini?"

"Sijui. Anza na vigari."

Lan-fen alimtazama kama mtu aliyeambiwa apike wali bila mchele. "Bosi, vigari ndivyo kiwanda. Ukivitoa unabaki na nini?"

"Hilo ndilo nataka uniambie wewe," alisema Tu, na safari hii hakucheka. "Najua mmemjenga kwa miaka. Simdharau. Ila siwezi kumngoja."

Lan-fen akarudi mezani, akaanza.

Alianza na yale yasiyouma. Mashine nyingi za kiwandani ni kama duka la mtaani saa za jua kali: mteja akiingia anahudumiwa na kutoka, hakuna foleni. Mashine ya namna hiyo haina haja ya kuigizwa yote. Inatosha kuiambia modeli kwamba sanduku likifika hapa lingoje kidogo, kisha liendelee. Akaziondoa moja moja, na kila baada ya kuondoa akalinganisha majibu na yale ya Bibi Kizee, na ya kiwanda chenyewe cha mwezi uliopita. Majibu hayakutikisika. Aliacha mashine za kuchora kwa mwanga tu, ghali kuliko zote na chache kuliko zote, ambazo masanduku huzipangia foleni usiku na mchana.

Halafu zikaja reli. Hapo mkono ulikuwa mzito. Kulikuwa na kona moja karibu na ghala la masanduku ambayo yeye na Chiu waliibishania wiki nzima mpaka wakanuniana, kisha wakagundua kwamba wote wawili wamekosea, wakacheka hadi mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Kona hiyo sasa ilikuwa mistari kadhaa ya maandishi kwenye kioo. Akaifuta. Badala ya kigari kukimbia, kupunguza mwendo, kungoja mwenzake na kukata kona, aliandika jambo moja: sanduku likitoka hapa kwenda kule, litachukua muda fulani, pengine zaidi kidogo, pengine pungufu. Basi.

"Dada Fen," A-Hung aliuliza akipita na kikombe, "nasikia unamchinja Bibi?"

"Namnyoa tu."

"Nyoa taratibu. Wazee wakinyolewa sana wanapata mafua."

Alitabasamu, na A-Hung akaenda zake. Ndiyo yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote aliyokuwa nayo juma lile. Nyumbani kwake Zhubei, ghorofa ya kumi, alifungua mlango, akavua viatu, akawasha televisheni ili pawe na sauti ya mtu. Dada yake aliyeko Taichung alimtumia kila asubuhi picha ya ua yenye maneno "Asubuhi njema", naye alijibu kwa picha ya ua jingine. Tangu walipomzika mama yao, hayo ndiyo yaliyobaki ya udugu.

Kwa siri, aliomba modeli mpya ikosee. Aliiendesha, akaitazama kama mama mkwe anayetazama mchuzi wa mkaza mwana. Haikukosea. Akaiuliza habari za mwezi mwingine, wenye kazi nyingi zaidi. Hapo ikayumba, na moyo ukamruka kwa furaha ambayo baadaye aliionea aibu. Lakini alipochunguza, tatizo lilikuwa mahali pamoja tu. Palikuwa na njia ya kuingilia jengo la pili, ambapo reli zote hujibana zikawa moja, na wao walipaita Lango. Kazi ikizidi, vigari hufungana pale. Alilirudisha Lango peke yake, na foleni yake, na majibu yakakaa sawasawa. Modeli ilimaliza kazi kabla chai haijapoa.

Lan-fen alikaa akiangalia kioo. Kumbe vigari vyote vile, kona zote zile, shingo zote zile zilizopinda, havikubadilisha jibu. Masanduku hayakuwa yakichelewa njiani. Yalichelewa kwenye foleni za mashine, na Langoni. Mengine yote yalikuwa mwendo tu.

Jumamosi alipanda pikipiki yake kwenda Xinpu, nyumbani kwa Chiu, kama alivyofanya Jumamosi nyingi. Msimu ulikuwa wa persimoni, na kila paa na kila uwanja ulikuwa na nyungo zilizojaa matunda ya rangi ya chungwa yakikaushwa kwa upepo. Mke wa Chiu, Chin-mei, ambaye Lan-fen alimwita Mama Mwalimu, alikuwa barazani akimenya. Chiu aliketi kwenye kiti chake, blanketi magotini, akitazama barabara.

"A-Fen huyoo," alisema Chin-mei. "Umekonda. Huko kwenu hawawapi chakula? Kaa, nikuletee chai."

"Usijisumbue, Mama Mwalimu."

"Nani kasema najisumbua? Kaa."

Lan-fen akasogeza kigoda karibu na Chiu. Daktari alisema mzee aongeleshwe, akili yake ni nzima, ni ulimi tu uliofungwa. Kwa hiyo kila Jumamosi alimsimulia ya kazini, naye Chiu alisikiliza, mara nyingine akatoa neno moja au mawili yaliyovunjika. Siku hiyo Lan-fen alizungukazunguka. Alisimulia ya upepo, ya A-Hung, ya bei ya mboga. Mwishowe akasema.

"Mwalimu, Bosi Tu aliniambia nimpunguze Bibi Kizee."

Chiu akageuza uso.

"Nimetoa mashine zisizo na foleni. Halafu nikatoa reli. Nimetoa vigari, Mwalimu. Vyote. Na majibu ni yaleyale."

Alingoja. Alidhani mzee atalia, maana tangu augue machozi yalikuwa karibu. Chiu hakulia. Alitazama nyungo za persimoni, kisha akasema neno lililonyooka kuliko yote aliyosema tangu kuugua:

"Najua."

"Unajua nini, Mwalimu?"

Midomo ikahangaika. "Lan... Lango. Lango tu... ndiyo."

Lan-fen hakuwa amemtajia Lango. Hakuwa amemtajia mtu yeyote.

"Umejuaje habari za Lango?"

Chiu alifumba macho. Mkono wake mzima ukainuka polepole, ukamwelekea mkewe.

Chin-mei alikuwa ameacha kumenya. Aliweka kisu chini, akajifuta mikono kwa aproni.

"Alishawahi kumpunguza Bibi Kizee yeye mwenyewe," alisema. "Zamani. Alirudi nyumbani siku hiyo anaruka kama mtoto, ananiambia, Chin-mei, imefanya kazi, inaenda kama upepo. Mimi mambo hayo siyajui, lakini nilimfurahia. Tulipokuwa tunakula, akanyamaza. Akasema, wakijua, watasema kazi hii haina haja ya watu wawili."

"Zamani lini?"

"A-Fen."

"Lini, Mama Mwalimu?"

"Mwaka ule wa yule kijana wako. Yule aliyekwenda Singapuri."

Upepo ulikuwa ukitikisa nyungo.

Po-hsin. Alikuwa fundi wa mashine za mwanga, kijana mpole mwenye meno yaliyopandana, aliyejua kumchekesha bila kutafuta. Alipopangiwa kiwanda cha Singapuri alimwambia Lan-fen waende wote, nafasi ipo, waoane huko. Lan-fen alikwenda kumwomba Chiu ushauri. Alikumbuka hata meza waliyokalia. Chiu alikoroga supu yake kwa muda, akasema: "Ukiondoka wewe, Bibi Kizee atakufa. Mimi peke yangu simwezi." Naye Lan-fen akabaki. Si kwa kulazimishwa. Aliona fahari, aliona anahitajika. Alimwambia Po-hsin amsubiri mwaka mmoja. Po-hsin alisubiri, na wa pili akasubiri nusu yake. Sasa ana mke na watoto wawili. Lan-fen aliwahi kuona picha yao, wote wanne na yale meno.

"Nilimwambia," Chin-mei aliendelea. "Nilimwambia, mwambie mtoto wa watu, usimfungie njia. Akasema, kesho. Kesho ikawa mwezi, ikawa mwaka. Kisha mimi nami nikanyamaza."

"Kwa nini?"

Chin-mei alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Unadhani ni wewe tu? Mimi nilikuwa na mume aliyemaliza maneno yake yote mchana, mezani na wewe. Jioni aliniletea masalio. Lakini walau alikuja akiwa na furaha. Nikaona, huyu binti akienda, hata hayo masalio sitayapata."

Chiu alikuwa amefumba macho, na chozi moja limeshuka upande ule wa uso usiohisi kitu, kwa hiyo hakulipangusa. Lan-fen akainuka, akavaa kofia yake ya pikipiki, akasema ahsante kwa chai ambayo hakuinywa.

Siku ya kikao alivaa koti lake la kijivu. Tu aliuliza maswali matano, na modeli mpya ikayajibu yote mbele ya wakubwa, mmoja baada ya mwingine, kama mwanafunzi aliyekariri vizuri. Watu waliangaliana. Mkubwa mmoja wa fedha, mwenye tumbo na tai nyekundu, akaegemea kiti na kusema:

"Kumbe miaka yote ile yule mzee na vigari vyake ilikuwa mapambo tu?"

Chumba kikacheka. Tu naye alitabasamu, kwa adabu zaidi kuliko kwa furaha. Lan-fen alikuwa na sababu zote za kucheka nao. Kwa wiki nzima alikuwa hajalala vizuri, na kila alipofumba macho alimwona Chiu akikoroga supu. Lakini kicheko kile kilimchoma mahali asipopatarajia.

"Samahani, Mheshimiwa," alisema. "Ningejuaje cha kutoa kama hakuna aliyekiweka?"

Kicheko kikapungua.

"Hii ndogo nimeipima kwa ile kubwa. Kila nilipofuta kitu, nilimuuliza Bibi Kizee kama nimekosea. Bila yeye ningekuwa nafuta gizani. Na hili la Lango, mnalolisifu, si langu. Mwalimu Chiu alilijua kabla yangu. Miaka mingi kabla yangu. Andikeni hivyo."

"Alilijua?" Tu aliuliza. "Mbona hakusema?"

Lan-fen alifikiri. "Alikuwa na sababu zake," alisema, akakaa.

Baadaye Tu alimfuata kwenye korido. "Dada Fen, umemtetea vizuri. Lakini una sura ya mtu anayetaka kumpiga."

"Ninayo?"

"Unayo. Sitauliza." Akatembea naye kidogo. "Nina jambo jingine. Tunafungua kiwanda Japani, Kumamoto. Wanataka mtu wa kuanzisha modeli yao tangu mwanzo, ndogo, isiyonenepa. Miaka mitatu. Najua una maisha yako hapa, usinijibu leo..."

"Nitakwenda."

Tu alisimama. "Hutaki hata kufikiri?"

"Nimeshafikiri, Bosi. Nimechelewa tu kujibu."

Hakwenda Xinpu Jumamosi ile, wala iliyofuata. Alifua mapazia. Alipanga masanduku. Alishika simu mara nyingi na kuiweka. Hasira yake ilikuwa ya ajabu, maana haikuwa na pa kwenda: utamgombezaje mtu asiyeweza kukujibu? Na ukimsamehe, atajuaje? Kilichomtesa zaidi si Po-hsin, ambaye sura yake ilikuwa imeanza kufifia. Kilichomtesa ni kwamba miaka ile ilikuwa ya furaha. Ndiyo iliyokuwa furaha yake pekee, nayo sasa hakujua aiite nini.

Chin-mei ndiye aliyepiga simu. "A-Fen, hataki kula. Wiki ya pili hii. Anageuza uso tu. Sikuombi umsamehe. Nakuomba uje umgombeze, pengine atashtuka ale."

Akaenda. Persimoni zilikuwa zimekauka, zimeingia unga mweupe, na nyingine zimeshauzwa. Chiu alikuwa amesinyaa ndani ya blanketi. Alipomwona, alijaribu kukaa wima. Lan-fen hakuketi.

"Nina swali moja, Mwalimu. Ungeweza kupata msaidizi mwingine. Kijana yeyote. Kwa nini mimi?"

Chiu alihangaika. Jasho lilimtoka. Chin-mei alitaka kumsaidia, Lan-fen akainua mkono: mwache.

"Cha... chaku..."

"Chakula?"

Akatikisa kichwa kukubali. "Cha mchana," alisema. Kisha, kwa kujikokota kama mtu anayepanda ngazi kwa mguu mmoja: "Peke... yangu. Siwezi."

Hayo tu. Lan-fen alikuwa amejiandaa kwa jibu kubwa, la mapenzi pengine, au la wivu, au la uchoyo wa kazi, kitu cha kutosha kulipia maisha ya mtu. Kumbe mzee aliogopa meza ya kantini. Alitaka kucheka na alitaka kupiga kelele. Alijiona mwenyewe miaka hii miwili tangu Chiu augue, akila amesimama karibu na dirisha ili asitazamane na kiti kitupu, na akajua kwamba neno lile analielewa zaidi kuliko angependa.

"Na mimi je, Mwalimu?" aliuliza. "Mimi nilikuwa nile na nani?"

Chiu aliinamisha kichwa, akakiacha huko.

Chin-mei alileta bakuli la uji. Lan-fen akaketi kwenye kigoda, akalichukua, akamlisha kijiko kwa kijiko. Hakusema nimekusamehe, kwa sababu hakujua kama ni kweli. Katikati ya bakuli akawaambia ya Kumamoto. Chiu aliacha mdomo wazi kidogo. Kisha akainua mkono wake mzima, akausukuma hewani mara mbili kuelekea barabarani, kama mtu anayemfukuza kuku: nenda, nenda.

"Safari hii anasema mwenyewe," Chin-mei alisema, akageuka upesi kuelekea jikoni.

Kumamoto kulikuwa na mashamba ya mpunga mpaka kwenye ukuta wa kiwanda. Alipewa chumba kidogo, na jirani mwanamke mzee aliyempungia kila asubuhi na kumwambia maneno ambayo Lan-fen hakuyaelewa, naye aliinama na kujibu machache aliyofundishwa. Modeli mpya aliianza na foleni za mashine za mwanga, hakuongeza kitu mpaka kitu hicho kilipodai nafasi yake. Vijana wa pale walimheshimu, walimpa kiti, walizungumza Kijapani chao haraka kuliko alivyoweza kufuata. Upweke wake haukupungua sana. Ila huu aliuchagua mwenyewe, na usiku aliokuwa nao haukuwa na mtu wa kulaumiwa.

Chiu alifariki majira ya kuchipua. Lan-fen alirudi kwa mazishi, akavaa nguo ya gunia ya wafiwa wa karibu, kwa kuwa Chin-mei alimwekea, bila kuomba ruhusa ya ndugu. Tu alikuja, na A-Hung, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha mdomoni. Wageni walipoondoka, wanawake wawili walibaki na vyombo vingi vichafu. Wakaviosha. Hawakumtaja Chiu.

Alipokuwa akiondoka, Chin-mei alimkamata mkono mlangoni. "Utapiga simu?"

"Nitapiga."

"Usiseme tu. Watu husema."

Alipiga. Alipiga Jumapili ile, na iliyofuata, na baada ya hapo ikawa Chin-mei ndiye anayepiga kama simu imechelewa. Mwanzoni walitafuta maneno: mvua, goti, bei ya persimoni, jirani Mjapani. Chin-mei alijifunza kuigeuza kamera ili uso uonekane badala ya paji tu. Kisha habari ziliisha, kama zinavyoisha, na simu ikabaki wazi, mmoja akimenya kitu Xinpu, mwingine akikunja nguo Kumamoto, kila mmoja akisikia shughuli za mwenzake. Hakuna aliyekata simu.